Macho Malegevu ya Kahaso

Jamani, sogeeni niwaambie! Kahaso wa Timbwani kule Likoni, yule anayesomea fasihi chuoni, alikwenda soko la Kongowea na dera lake la zambarau. Jua kali, jasho tele, miwani ikaingia ukungu. Akaivua, akakikazia macho kibao cha bei ya vitunguu, kope nusu zimefumba.

Nyuma ya kibao amesimama Nicanor, muuza vitunguu, kijana wa bara, shati limenyooshwa pasi utadhani anaenda harusini. Moyo ukamruka kijana. Si Pwani husifiwa macho malegevu? Basi leo ameangaliwa yeye!

"Mrembo, macho hayo yataniua."

"Usife kabla hujanipimia kilo zangu mbili!"

Sauti ile nzito ilimkaa Kahaso masikioni. Wakapeana namba. Simu zikawa hazipoi, lakini sifa za Nicanor ni macho tu, macho, macho! Na kila wakikutana, Kahaso anaisukumiza miwani mkobani.

Siku ya kupelekwa kwa mamake Nicanor, Changamwe, Kahaso alichoka. Akatokea ameivaa miwani yake.

"Laazizi, vua basi. Mama nimemsifia macho yako."

"Sioni mbali, Nicanor! Siku ile nilikuwa nasoma bei."

"Hukuwa ukiniangalia mimi?"

"Haki ya Mungu, hata sikukuona!"

Nicanor akanywea. Kahaso ndiyo kwanza anapandwa na mori.

"Nasoma mashairi ya Wazungu wa kale mpaka kichwa kinaniuma. Mtu kamwona msichana mara moja dirishani, keshajaza kurasa: macho nyota, macho mishale! Kumuuliza hata anapenda kula nini, hana habari. Mwalimu wetu wa falsafa anatuuliza, kuona ndiyo kujua? Nikajidai kucheka, kumbe mshairi wangu anauza vitunguu!"

Akageuka, akarudi Likoni analia kwa hasira. Kwa mama mkwe hawakufika.

Nyumbani, kila akiishika simu, anaitupa kitandani. Kisha ikalia.

"Bado nimekasirika," Nicanor akasema.

"Hata mimi."

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Kwa nini ulikuwa ukiificha?"

Kahaso akakaa chini. Hilo hajawahi kuulizwa na mtu. Akaanza polepole: shuleni walimwita Chupa kwa vioo vyake vinene, shangazi alisema wenye miwani hawaolewi... Maneno yakamtoka kama maji.

Upande wa pili mama mmoja mteja akapiga kelele akitaka vitunguu.

"Subiri, mama," Nicanor akamjibu. "Ndiyo kwanza namjua mchumba wangu."