Dole Gumba la Kushoto

Ndugu zangu wa Ijuganyondo, na nyie wa Bakoba mliokuwa mkinunua misumari kwake, nisikilizeni niwaeleze yaliyompata Projestus. Wengi mnayasimulia nusu, na nusu mliyonayo ni ile ya kumcheka.

Mwanzo nyumba ile ilikuwa na amani. Saa moja asubuhi Georgina, mke wake, alikuwa tayari yumo kibanjani, kati ya migomba na mibuni, akichavusha vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu; likikosa mkono wa mtu, mchana limeshanyauka. Basi Georgina alikwenda ua kwa ua na kijiti alichokichonga mwenyewe, akiimba polepole wimbo wa kanisani. Nyuma ya nyumba walilala makaburini baba, mama na babu wa Projestus, kama ilivyo katika kibanja cha Mhaya yeyote. Projestus alimaliza chai, akamuaga mkewe, akapanda pikipiki kwenda dukani kwake Bakoba.

Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi: bati, saruji, rangi, misumari. Miaka ile bei ya vanila ilipopanda, kila mkulima alitaka kuezeka upya. Wakubwa walikuja na magari yao, wakasimama viwanjani, wakatuambia limeni vanila, kopeni, jengeni. Tukapiga makofi. Projestus naye akakopa, akajaza mzigo.

Halafu bei ikaanguka. Wanunuzi waliokuwa wakigombania vanila mbichi wakazima simu. Waliokopeshwa bati wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasionekane dukani. Wale wakubwa hatukuwaona tena. Labda walikuwa kwenye semina.

Siku moja Projestus alikwenda mjini Bukoba kwa Lalit, Mhindi aliyemuuzia bati kwa jumla miaka yote. Akakuta rafu zimebaki nusu, na mlangoni karatasi: TUNAFUNGA, BEI YA KUMALIZA.

"Unafunga kweli, mzee Lalit?"

"Nafunga. Nauza kilichobaki, nalipa wanaonidai. Mke wangu, Mama Hiren, anajua kukaanga sambusa, tutaanzia hapo."

"Watu watasema umefilisika."

"Si nimefilisika? Waseme. Mimi nimezaliwa Bukoba hapa hapa, watu wananisema tangu niko mdogo na bado nimenenepa." Lalit akajipiga tumbo, kisha akaacha kucheka. "Waitu, nakusihi, Ta Projestus, na wewe funga. Funga wakati bado una kitu cha kufungia."

Projestus akacheka kwa dharau. "Nyie mna woga. Mhaya hafungi duka mchana kweupe."

Hapo ndipo alipopotea, na ni kosa letu sisi hasa. Mhaya yuko tayari kulala njaa, mradi shati limenyooshwa. Projestus alirudi dukani akajaza mchanga kwenye makatoni ya misumari, akajaza maji kwenye makopo ya rangi, akayapanga mpaka darini. Ukipita barabarani ungesema huyu ana mali. Mkewe mwenyewe alipita, akaona, akamshukuru Mungu.

Deni la kwanza lilipombana, alitafuta la pili la kulipia lile la kwanza. Kampuni moja ya mikopo ikamwambia alete barua ya mtaa kwamba kibanja ni chake, na mkewe amekubali kukiweka rehani. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mama yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko shambani, anachavusha."

"Basi usimsumbue. Weka dole gumba lako la kushoto hapo kwake. Hawachunguzi hao."

Projestus akaweka. Mwenyekiti akagonga muhuri, akapokea elfu thelathini yake, akamtakia baraka. Huyo ndiye tuliyempigia kura.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na kikao cha ukoo huko Muleba, kwa kaka yake mkubwa, Avit. Ukoo ule ulikuwa na mfuko wake, wamechanga miaka sita kwa ajili ya matatizo. Hela zilikuwa mezani, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Kuna kiwanja kinauzwa hapa mjini," Avit akasema. "Kabla hatujanunua, nauliza: kuna mwenye shida?" Kisha akamgeukia Projestus. "Na wewe mdogo wangu? Nasikia Bakoba hali imekuwa mbaya."

Fikirini, ndugu zangu. Neno moja tu lilihitajika pale.

"Nani amekudanganya?" Projestus akajibu. "Njoo uone duka lilivyojaa." Akatoa laki mbili, za mkopo zile, akaziongeza juu ya kitambaa. Wakampigia makofi. Jumatatu kiwanja kikanunuliwa.

Mwezi wa tano akashindwa kabisa kurejesha. Tangazo la mnada lilitakiwa libandikwe watu walione. Mwenyekiti alilibandika ndani ya ofisi yake, nyuma ya mlango, na mlango ule hushinda wazi. Kwa hiyo Georgina alikuja kujua siku ileile gari la dalali lilipoingia kibanjani na spika juu, watu wageni wakishuka na kuhesabu migomba.

Avit alipigiwa simu na jirani, akafika kutoka Muleba akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mdogo wangu, hela zilikuwa mezani mbele yako. Si niliuliza?"

Projestus akanyoosha mkono kumpangusa vumbi begani.

"Nijibu. Niliuliza, sikuuliza?"

"Uliuliza, kaka."

Georgina akamwendea dalali. "Mimi sijawahi kukubali jambo hili. Nionyeshe hiyo karatasi."

Dalali akamwonyesha. "Mama, si dole lako hili?"

Georgina anajua kuandika jina lake tangu darasa la kwanza; hajawahi kuweka dole popote. Akaiinamia karatasi. Katikati ya dole lile ulipita mstari mweupe, kovu. Kovu lile alilijua. Projestus alikatwa na bati mwaka wa kwanza wa duka, na ni yeye Georgina aliyelifunga jeraha siku kumi na nne.

Akanyanyua macho akamwangalia mumewe. Askari aliyekuja na dalali alikuwa amesimama pembeni. Angesema si langu, mnada ungesimama palepale, na Projestus angeondoka na pingu.

"Ni langu," akasema.

Kibanja kikanunuliwa na mtu asiyejulikana kwetu. Wakahamia chumba cha kupanga Bakoba. Georgina hakumtukana mumewe hata siku moja. Aliacha tu kuongea naye mambo marefu. Alimpikia, akamwekea chakula, akaenda kuuza ndizi barabarani, juani na mvuani. Kifua kikamshika. Mwaka haukuisha akafariki.

Projestus alikwenda kwa mwenye mpya wa kibanja akamwomba mahali pa kumzika mkewe, kando ya kaburi la mama yake.

"Pole sana, mzee," yule mtu akasema. "Lakini mimi nilinunua shamba. Sitaki kuongeza makaburi."

Ndugu zake Georgina wakaja na gari kutoka Ngenge wakamchukua. Mke wa ndoa ya kanisani akarudishwa kuzikwa kwao, kama asiyeolewa. Huko msibani kijana mmoja alimpokea Projestus kwa adabu, akamwelekeza benchi la wageni. Akakaa.

FUNZO

Viongozi wetu wanatuambia tukope wakati wa neema, na wakati wa shida wanagonga muhuri. Msitegemee watawaokoa. Mwenyekiti asiyemuuliza mke wa mtu ameuza nyumba ya mtu, na tumnyime kura.

Lakini nanyi msijifiche nyuma yao. Kufilisika hakujaanza kwako, na si wizi. Vilivyoua nyumba ya Projestus ni kiburi na uongo wake, zaidi ya bei ya vanila. Ndugu anapouliza kama una shida, mjibu kweli, maana hatauliza mara ya pili. Akina mama, kila karatasi ya nyumba isomeni. Na wewe mwanaume ambaye duka lako limekwama, mwambie mkeo leo, kabla hujagusa chakula chake.