Jini Aliyesingiziwa

Sauti ya kwanza kumfikia fundi cherehani, baada ya miaka ishirini na sita ya uziwi, ilikuwa ya mtu akikohoa nyuma ya kiti chake. Ilikuwa mchana kweupe, dukani hamna mteja. Akageuka. Hakuona mtu, ila palinuka nywele zilizoungua.

"Nimekukosea nini?" sauti ikauliza, kwa upole kabisa. "Mbona unanisingizia?"

Mkasi ukamponyoka. Alijua mara moja inasema habari gani, na uso ukamwaka kwa aibu.

Maana sauti ilikuwa ya jini, na jini hilo alilizua mwenyewe. Mumewe, seremala, naye ni kiziwi. Siku ya harusi yao wageni walisemezana papo hapo mbele yao kwamba viziwi wawili hawajengi nyumba, wakasahau kuwa midomo inasomeka. Kwa hiyo seremala alipoanza kurudi nyumbani amefura, baada ya kutwa nzima ya kuitwa Bubu na kutupiwa vipande vya mbao ili ageuke, na kuzimalizia hasira hizo kwa mkewe, mke aliufyata. Wateja walipouliza kuhusu jicho lililovilia damu, aliwaandikia neno moja kwenye karatasi ya vipimo: jini. Afadhali jini kuliko kuwapa watu la kusema.

Kilichomchoma roho zaidi ni taa. Seremala huizima kwanza, ndipo apige. Gizani mikono ya mkewe inaomba, inasihi, na hakuna wa kuiona.

"Nakupa mpaka Ijumaa," sauti ikasema. "Uniondolee jina baya, au nifanye kweli hayo unayonisingizia."

Ijumaa asubuhi wifi yake, dada wa seremala, alimleta mganga. Uvumi wa jini ulikuwa umeshazagaa mtaani. Wifi ndiye pekee katika ukoo aliyejua lugha ya alama, kwa hiyo ukalimani ulikuwa wake. Kabla ya kuketi alimsemesha fundi kwa vidole, chini chini, usawa wa kiuno: "Wifi yangu, nisitirie kaka yangu. Watu wanasubiri tuanguke."

Seremala aliegemea ukuta, macho sakafuni. Mganga akafukiza ubani, lakini harufu ya nywele ikaushinda.

"Mwulize," mganga akamwambia wifi, "hilo jini linataka nini?"

Fundi aliinua mikono. Ikasema: "Hakuna jini lililonipiga. Anayenipiga ni mume wangu."

Wifi aliitazama ile mikono, akamtazama kaka yake, kisha akamgeukia mganga na kumpa fundi kisogo, kwa hiyo midomo yake haikusomeka.

"Amesema limeshatoka," sauti ikamnong'oneza fundi sikioni. "Mdomo unao. Sema mwenyewe."

Ni kweli alikuwa nao, na sauti pia, ila aliiacha shuleni siku darasa zima lilipoangua kicheko kwa namna alivyotamka jina lake, na tangu hapo hakuifungulia kinywa hata kwa mama yake, na sasa alikaa pale kinywa wazi huku ile harufu ikimpanda puani na pumzi ya baridi ikimzunguka masikio, akimwona mganga anakunja mkeka wake, akimwona wifi anafuta machozi kwa ncha ya khanga, akijua kwamba neno moja tu lingetosha, baya, la kuchekesha, lolote, na kwa aibu akafumba mdomo.

"Haya," sauti ikasema.

Seremala akaenda mlangoni kumshukuru mganga, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Fundi alikuwa akiitazama mikono hiyo, vidole vyote kumi, wakati vidole vingine vilipomshika shingo kutoka nyuma.