Kishikio cha Mlango wa Bizimana

Chuma kilitoka kwenye mashine ya kukereza kikiwa cha moto, na hadi jioni kilikuwa hakijapoa. Anastazi hakulitilia jambo hilo maanani. Furaha ilikuwa imemjaa kwa kukipata kile kifaa cha magurudumu mawili madogo, ambacho ukikikandamiza kwenye chuma kinachozunguka, chuma huota vipele vya kushikia, mkono usiteleze. Mafundi wote wa Mugoma walimwonea wivu Nduwayo kwa kifaa hicho. Sasa Nduwayo alikuwa amekufa, na mdogo wake, Bizimana, alikuwa amemfukuza mjane na kuuza vifaa kabla matanga hayajaondolewa. Huku kwetu hata jembe la marehemu haliguswi kabla ya siku hiyo. Anastazi alilijua hilo, lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Kazi yake ya kwanza kwa kifaa hicho, kile chuma kisichopoa, ilikuwa kishikio cha mlango, kwa ajili ya ile ile nyumba aliyoipora Bizimana.

Kesho yake umeme ulikatika kijiji kizima. Anastazi alikuwa akinywa chai aliposikia magurudumu yakizunguka karakanani, kri, kri, kri.

"Umeacha mashine inazunguka?" mkewe Zita alinong'ona.

"Umeme haupo."

Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani, ikifuatiwa na kikohozi kikavu walichokizoea kanisani kila Jumapili, kikohozi cha Nduwayo, na Anastazi alipotazama kiganja chake cha kulia akaona vipele vimejipanga mistari kwa mistari kama vya chuma, vigumu, vya moto, vikipanda kuelekea kwenye kiwiko huku vidole vikikakamaa kimoja kimoja, na akalia, maana fundi bila mkono ni nini.

"Kirudishe kwa mwenyewe," Zita alisema. "Leo hii."

Bonifasia, mjane, alikuwa kwa kaka yake, kijiji cha Kirushya, anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Anastazi alipiga magoti, akamwekea kifaa miguuni, akaomba msamaha. Bonifasia alikifuta kwa khanga yake, akakipakata. Vidole vya fundi vikalegea.

"Umekifanyia kazi gani?"

"Kishikio cha mlango. Bizimana ameshakifunga kule nyumbani. Nikakitoe?"

Bonifasia alichukua ndizi nyingine. "Kiache. Nyumba ina mwenyewe."

Jioni, wapita njia walimkuta Bizimana amesimama nje ya mlango, mkono kwenye kishikio, ngozi na chuma vimeshikana. Aliwaomba msaada kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesogea, maana ndani ya nyumba ile isiyo na mtu, mtu alikuwa akikohoa, akija kufungua.