Kistari Mahali pa Jina

Wanaojidai kujua majini watakwambia jini hukaa kisimani au kwenye magofu. Waache. Mimi nimeutembea mpaka huu wa Kenya na Uganda kutoka Port Victoria hadi Malaba, nimesikia mengi kuliko redio, na nakuhakikishia kwamba hili la Okwi lilikaa ndani ya kompyuta, mchana kweupe, malori yakinguruma nje.

Okwi alikuwa fundi wa programu katika ofisi ya mawakala wa forodha pale Malaba. Bosi wake, Callistus, alitaka programu mpya ya kuweka rekodi za malori iwe tayari kufikia Jumatatu, la sivyo kazi ampe mwingine. Ilibaki tu kuiunganisha na mahali data inapohifadhiwa. Kwa kazi hiyo kuna kipande wanachokiita draiva, ambacho fundi hakiandiki mwenyewe. Anakichukua mtandaoni, kimeandikwa na mgeni asiyemjua, anakiingiza kwa mstari mmoja juu ya programu yake.

Okwi akakiingiza. Mashine ikakataa. Ikaandika kwa Kizungu maneno ambayo maana yake ni: kimeletwa, hakijatumika.

Ni kosa dogo, wenye kazi yao wanalijua. Ile mashine haitaki kitu kiletwe ndani kisha kisiitwe hata mara moja. Dawa yake pia ni ndogo: mahali pa jina la hicho kipande unaweka kistari kitupu, yaani huyu aingie, lakini hana jina la kuitwa. Okwi akaweka kistari. Programu ikakubali.

Hapo ndipo harufu ilipoanza.

"Nani amemwaga maziwa?" akauliza Nanjala, karani wa meza ya pili.

"Hakuna maziwa hapa, dada," Okwi akajibu.

"Usinibishie, boss. Mimi nimelea wanne. Na hiyo si ya ng'ombe."

Jioni Okwi alimkuta mkewe, Apeduno, ameketi kitandani, kifua cha blauzi kimelowa.

"Leo mchana ulikuwa unafanya nini?" mke akamuuliza polepole.

"Kazi tu."

"Maziwa yameshuka, Okwi. Yalikuwa yamekauka, yameshuka tena."

Mwezi uliopita Apeduno alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyepumua asubuhi moja tu. Kwao Wateso, bibi mzaa baba ndiye humpa mtoto jina. Anachovya kidole kwa ajon, ile pombe ya nafaka ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo, na jina ambalo mtoto atalifyonzea kidole ndilo lake. Huyu hakufika huko. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba bila jina, na baba yake hakuwepo. Alikuwa ofisini, anaandika programu.

Kesho yake Okwi aliiwasha programu tena, na safari hii harufu haikuja peke yake, kwa maana chini ya kelele ya feni kulikuwa na sauti ndogo yenye unyevu, sauti ya mdomo unaotafuta na kukosa, ukitafuta tena na kukosa tena, na kila Okwi alipozima ikanyamaza na kila alipowasha ikaanza karibu zaidi, mpaka Nanjala akachukua mkoba wake akatoka nje bila viatu, na Okwi akabaki ameshika simu, anamwita mama yake kwa sauti ya mtoto.

Mama yake, Mama Asio, akaja na kibuyu cha ajon chini ya leso.

"Mama, hapa ni ofisi, si kilabu," Callistus akamwambia mlangoni.

"Na mimi sijaja kunywa. Nimekuja kwa mjukuu wangu. Kaa chini."

Callistus akakaa. Mama Asio akachovya kidole, akakisogeza mbele ya kioo cha kompyuta kama mbele ya uso.

"Emuria?" Kimya. "Okisai?" Kimya. "Ojakol?"

Wote waliokuwepo walisikia ule mfyonzo. Alipokirudisha kidole kilikuwa kikavu, ncha imenyauka na kuwa nyeupe, kama kimekaa mdomoni muda mrefu.

"Andika," akasema.

Okwi akafuta kistari, akaandika Ojakol. Mashine ikakataa tena. Nanjala, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, akamsomea mama kile kilichoandikwa: "Inasema, ameletwa kwa jina la Ojakol, hajatumika."

Okwi akaweka paji la uso juu ya meza, akalia.

"Sasa amepata jina," Mama Asio akamwambia. "Futa huo mstari wote aende alale. Hiyo draiva utatafuta nyingine."

Okwi hakufuta. Alipangusa macho, akaongeza mstari mmoja, kwamba programu ikiamka, kabla ya lolote imwite Ojakol. Mashine ikakubali.

"Umefanya nini?"

"Nimempa kazi, mama."

"Mtoto wa mwezi mmoja?"

"Sikumwita hata siku moja."

Mama Asio akafunga kibuyu chake. "Mimi nilikuja kumlaza. Wewe umemwamsha."

Programu inafanya kazi vizuri mno. Callistus alitaka kumpeleka Okwi ofisi kubwa ya Busia, mshahara mzuri, nyumba mtaa wa Burumba. Okwi akakataa. Kila asubuhi ni yeye tu anayeiwasha, harufu ya maziwa ikajaa chumbani, na nyumbani Apeduno anaweka kitambaa kifuani bila kuuliza kitu.

Jumapili ofisi hufungwa, na hakuna wa kumwita Ojakol. Siku hiyo Apeduno haendi kanisani. Hupita katikati ya malori yaliyoegeshwa, akakaa chini nje ya ule mlango wenye kufuli, akafungua vifungo vya blauzi, akangoja.