Dawa ya Meno kwenye Jeraha la Moto

Kila jioni Mwalimu alipakua somo moja la bure kwenye simu yake. Kesho yake alilifundisha.

"Tazama picha zinavyong'aa! Na silipi hata senti," alimwambia mkewe.

"Nani kaliandika?"

"Nijuaje, mama watoto? Mradi wanafunzi wanaelewa."

Binti yao mkubwa alisoma katika darasa la baba yake. Jumamosi moja mama alipokwenda sokoni, birika la chai lilimmwagikia mtoto mdogo mkononi. Binti hakupiga kelele. Alifanya kama alivyofundishwa: alipaka dawa ya meno, akafunga kitambaa, akambembeleza mdogo wake mpaka akalala. Wazazi waliporudi, walikiacha kitambaa kama kilivyo.

Baada ya siku tatu mkono ulivimba na kutoa usaha. Shangazi yao, dada yake Mwalimu, ni muuguzi. Alikifungua kile kitambaa hospitalini.

"Nani kakufundisha haya, mwanangu?"

"Baba, darasani. Nilipata alama zote."

"Basi hukukosa. Ulitii."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Dada, michoro ya somo lile ilikuwa mizuri mno."

"Michoro haiponyi, kaka. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka, dakika ishirini, kisha huletwa hospitali. Hapakwi kitu. Ulimuuliza nani kabla ya kufundisha?"

"Sikuuliza."

"Hata mimi, tuliolala tumbo moja?"

"Basi masomo ya bure nayaacha yote," alisema Mwalimu.

"Usichome nyumba kwa sababu ya panya. Mazuri yapo, ila yachuje. Nani ameandika, na kazi hiyo anaijua? Ameandika lini? Ametoa wapi habari zake? Linganisha na mtaala na vitabu vingine. La afya, niletee mimi. Na mengi ya bure yana ruhusa ya kurekebishwa. Ukiona kosa, lisahihishe, umwarifu aliyetoa somo."

Walilisahihisha somo lile pamoja. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akasema, "Niliwafundisha makosa," akaanza upya. Mwezi uliofuata mwanafunzi mmoja alimpoza bibi yake aliyeungua. Bibi alipona bila kovu.

Mtoto wa Mwalimu naye alipona, lakini vidole vyake viwili havinyooki.

Siku hizi, Mwalimu akifungua somo jipya, binti yake ndiye wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mwalimu, hili limehakikiwa?" Hata nyumbani hamwiti baba tena.

"Limehakikiwa. Na watu wanaolijua."

"Kina nani?"

Mwalimu huwataja, mmoja mmoja. Ndipo binti anapochukua kalamu.