Moyo wa Ndete

Mbaluka aliingia kwenye hema la kupima watoto, kando ya Soko la Burma, akiwa na koti lake la buchari lililorowa damu, bintiye Ndete amekaa mabegani.

"Baba, hiyo damu ni yako?" muuguzi Warigia akamtania.

"Ya mbuzi, sista. Ukitaka mbavu nitakuwekea."

"Nipe mtoto kwanza."

Warigia alivaa sare ya buluu iliyopigwa pasi vizuri na hereni ndogo za shanga. Serikali iliwatuma yeye na wenzake kupima mioyo ya watoto wa mitaa ya Eastlands, bure. Akamwekea Ndete kifaa kifuani, akasikiliza, akasikiliza tena. Tabasamu lake likatoweka.

"Huenda moyo una tundu. Lazima apigwe picha hospitali kubwa. Tutakupigia simu."

Alipiga kweli. Kwanza kusema mashine imeharibika, kisha kusema foleni bado ndefu. Mara ya tatu hakuwa na habari yoyote.

"Nilitaka tu kujua mmeamkaje."

"Sema ulitaka kunisikia."

"Wewe? Unanuka nyama! Nilitaka kumsikia Ndete."

"Na bado unapiga, mrembo."

Jumapili moja Warigia akafika nyumbani kwa Mbaluka, Kaloleni, amevaa gauni la manjano. Mbaluka, aliyefiwa na mkewe wakati Ndete alipokuwa mchanga, akamchomea nyama mwenyewe. Mtoto akalala mapajani pa Warigia, midomo imegeuka zambarau. Wote wawili waliiona. Mbaluka akaendelea kukata nyama.

Mpango wa kupima ukaisha, mahema yakakunjwa. Picha ilipopigwa hatimaye, daktari alisema mapafu yameshaharibika. Angepasuliwa mapema angepona; sasa upasuaji ungemuua.

Mbaluka akampigia Warigia simu akiwa langoni pa hospitali.

"Mlipompima, mlikuwa na mahali pa kumpeleka?"

"Tuliambiwa patakuwepo."

"Ulijua hapakuwepo?"

"Sikujua. Nilitumaini, mpenzi."

"Usiniite mpenzi." Akakata.

Wiki nyingi Mbaluka hakushika simu za Warigia. Kisha alasiri moja akabisha mlangoni pa Warigia, Buruburu, na shati safi jeupe, macho mekundu.

"Nisamehe. Si wewe uliyemtoboa moyo."

Warigia akamwangukia shingoni. Walilia kwanza, maneno yakaja baadaye.

"Nioe, Mbaluka. Nitamtunza Ndete kama wangu."

Akamshika mikono yote miwili.

"Nakupenda, Warigia. Lakini nimekuja kuaga. Nampeleka Ndete kwa mama yangu kijijini, Kangundo."

"Kwa nini? Si umenisamehe?"

"Kila asubuhi ananiuliza, 'Sista akija nitapona?' Ukiwa ndani ya nyumba yangu, atangoja kupona kila siku. Siwezi kumtazama akingoja hivyo."



Jumamosi Warigia aliwasindikiza hadi kwenye pikapu ya binamu wa Mbaluka. Magodoro yalikuwa yamefungwa kamba nyuma. Ndete, na sweta nyekundu, akatoa kichwa dirishani.

"Sista, utakuja lini kunipima tena?"

Warigia akamtazama Mbaluka. Mbaluka akageuza uso.

"Hakuna kupimwa tena, mama," Warigia akamwambia mtoto. "Umemaliza."

"Nimemaliza?" Uso wote wa mtoto ukang'aa. "Baba! Nimemaliza!"

Akapiga makofi, akacheka, akapiga tena, mpaka pumzi ikamkatika, na baba yake akamvuta ndani na kufunga dirisha.