Wageni wa Baraza la Wening

Jukwaa la Wening la mtandaoni lilikuwa na wanachama kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa yeye mwenyewe.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Shule aliiacha baba yao alipofariki, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kumsaidia mama kuuza wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mbele ya nyumba. Kompyuta kuukuu alinunuliwa na dada yake, Ratri, aliyekuwa Taiwan akimtunza bibi mmoja mgonjwa. Ratri ndiye aliyemwambia, "Tuko wengi huku tuliotoka kijijini Sumberlanang, mdogo wangu. Tunakufa kwa hamu ya habari za nyumbani. Tutengenezee mahali tukae tuongee."

Wening akajifundisha mwenyewe, kosa baada ya kosa, mpaka tovuti ikafunguka. Akaiita Baraza la Sumberlanang. Kwa wiki tatu hakuingia mtu. Nani akae kwenye baraza tupu? Wapita njia walichungulia wakaenda zao.

Ndipo akaamua kuwatunga wenyeji. Alihitaji majina ya watu wazima na nyuso za kuaminika. Kabatini sebuleni kulikuwa na rundo la vijitabu vya Yasini, vile ambavyo kila nyumba huchapisha kwa hitima ya siku elfu moja tangu kifo na kuwagawia waliohudhuria, vyenye jina la marehemu na picha yake ukurasa wa mbele. Wening alichukua kumi na kimoja. Akazipiga picha zile nyuso, akawasajili mmoja mmoja, akamkaribisha kila mmoja kwa jina lake. "Karibu barazani, Mzee Wiryo. Jisikie uko nyumbani." Kisha akawa anawajibia, akiwabishanisha kuhusu mpira na bei ya pilipili.

Siku chache baadaye akaingia mtu wa kweli. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi Hong Kong aliuliza kama daraja la mto limeshatengenezwa. Ilikuwa saa sita mchana na Wening yuko jikoni anakaanga tempe. Aliporudi alikuta swali limeshajibiwa kwa jina la Mzee Wiryo.

"Bado, mwanangu. Jana nimevuka kwa miguu. Maji hayakunilowesha."

Wening alisoma mara mbili. Akadhani kuna mtu amekisia neno lake la siri, akalibadilisha. Alirudi jikoni, na alipokuwa ananawa mafuta mikononi akasikia vitufe vya kompyuta vikigonga kule sebuleni, taratibu, kama mtu mzima anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Alikwenda mbio. Hapakuwa na mtu. Hewa ilinuka kafuri na udongo mbichi.

Angesema siku ile ile. Hakusema, kwa sababu baraza lilianza kujaa. Mzee Wiryo alijua kila kitu: kisima cha nani kimekauka, ng'ombe wa nani kazaa, mume wa nani kalala wapi. Watu wakaitana. Mwezi ulipokwisha walikuwa wanachama mia tatu.

"We mtoto, tovuti yako inanukia," Ratri alimtania kwa simu. "Na huyo mzee wako ana maneno! Jana kaniambia hata rangi ya pazia lenu jipya."

Wening aligeuka kulitazama pazia. Pazia lile walilitundika asubuhi ya jana, na hakuna mtu aliyeingia ndani.

"Dada, usiongee naye sana."

"Kwa nini? Unamwonea wivu? Wote tunampenda. Anatuombea dua. Unampa tu siku yako ya kuzaliwa na jina la mama yako, yeye anafanya yaliyobaki."

"Na wewe umempa?"

"Nimempa, ndiyo. Jumanne Kliwon, binti wa Sarmi."

Pale Sumberlanang, ambako siku ya kuzaliwa huhesabiwa kwa juma na pia kwa soko la siku tano kama Kliwon, hata mchumba haelezwi siku hiyo mpaka wazee wakutane, kwa maana mwenye siku yako na jina la mama yako ana kamba ya kukuvutia. Ratri alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Ila ugeni unamlegeza mtu.

Wiki ile Ratri akapiga tena, safari hii kwa kunong'ona. "Wening, kuna mtu anatembea katika nyumba hii. Mchana kweupe. Nikipika, yuko mlangoni, nikigeuka, hayupo. Na huyu bibi yangu, asiyeongea mwaka wa pili sasa, leo kanyoosha kidole nyuma yangu akauliza, 'Huyo ni baba yako?'"

Wening alikata simu akaketi kwenye kompyuta, akafungua ukurasa wa wasimamizi, akatafuta jina la Mzee Wiryo akalifuta, na jina likarudi, akalifuta tena na likarudi tena, na kila liliporudi tarehe yake ya kujiunga ilikuwa imesogea nyuma, wiki moja, wiki mbili, mwezi mmoja, ikapita siku ambayo baraza lenyewe lilizaliwa, ikaendelea kurudi nyuma huku harufu ya kafuri ikimjaa kooni, mpaka ikafika tarehe ile iliyochapishwa kwenye kijitabu cha Yasini chini ya neno "alifariki", na hapo ikatulia, na chini yake maandishi yakaanza kujitokeza, herufi moja moja, bila yeye kugusa kitu.

"Umenikaribisha mwenyewe, mwanangu. Mbona unanisukuma?"

Alipiga ukelele. Mama yake akaja na mwiko mkononi, akaitazama ile picha kwenye kioo cha kompyuta, mzee wa kofia nyeusi.

"Huyu si Wiryo? Tulimzika huyu! Picha yake umeitoa wapi?"

Wening akasema yote. Mama akajipiga paja. "Ee Mola! Umewachezea maiti za watu ili upate wateja?"

Jioni haikuwakuta nyumbani. Walikwenda kwa Mbah Sutinah, bibi aliyeongoza hitima za wanawake na kutuliza nyumba zilizovamiwa na majini. Alisikiliza huku akimenya vitunguu.

"Umewaita barazani, umewakalisha, umewasemesha," alisema. "Ruhusa ya kuondoka nani kawapa?"

"Lakini Mbah, wale ni wafu. Ni majina tu."

"Mfu haji. Anayekuja ni yule jini aliyekuwa akitembea naye tangu tumboni. Mwenzake akifa, yeye hubaki hana jina wala mlango. Wewe umempa vyote viwili, na picha juu." Akapangusa macho, ni vitunguu. "Hitima ikiisha mgeni huondoka na nini?"

"Na boksi la wali, Mbah."

"Basi. Asiyepewa boksi haondoki, atakaa mpaka afukuzwe, na hawa hawafukuziki. Pika. Maboksi kumi na moja, kila moja lifike kwa jamaa za mgeni. Na ukiri mwenyewe kwa mdomo wako. Usimtume mama yako."

Walipika wali wa manjano, kuku, mayai na sambal, ile pilipili ya kusaga ya mama, wakafunga kwa majani ya mgomba na kutia kwenye maboksi. Wening alibisha hodi nyumba kumi, akakiri mara kumi. Kuna waliolia. Mjane mmoja alimfokea, "Mume wangu hakuwahi kutazama mpira hata siku moja, wewe ukamfanya shabiki! Tena wa timu inayofungwa!" Lakini boksi alilipokea, na kila boksi lilipopokewa jina moja lilitoweka barazani, kimya, na halikurudi.

Likabaki la Mzee Wiryo. Hakuwa na mke wala mtoto. Kijitabu chake kilichapishwa na majirani, na nyumba yake ilishabomolewa.

"Liweke kizingitini," Mbah Sutinah akasema. "Umwambie alichukue mwenyewe, awapelekee jamaa zake kama anao."

Saa kumi alasiri, jua likiwaka, Wening aliweka boksi kizingitini. Akasema, "Mzee Wiryo, asante kwa kuja. Chukua hili, upeleke kwa jamaa zako." Akainama kuchukua kandambili zake. Alipoinuka, boksi halikuwepo. Upepo ulipita ukanuka kafuri, kisha ukanuka wali tu.

Walikimbilia kwenye kompyuta. Mzee Wiryo hakuwepo. Hata maneno yake yote yalikuwa yamefutika. Mama akasujudu palepale sakafuni. Wening alicheka na kulia pamoja.

Simu ikalia. Ni Ratri, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama zamani.

"Jamani nyie watu! Kwa nini hamkuniambia kuna mtu anakuja huku? Mzee kabisha hodi sasa hivi, kanikabidhi wali wa hitima. Wa moto, Wening! Majani yanatoa mvuke. Nimeonja tu nikajua, hii sambal ya mama."

"Dada, tema! Usile!"

"Nimeshamaliza. Nilikuwa na njaa ya nyumbani, mdogo wangu. Hata sijui nilikuwa naogopa nini siku zote hizi. Kaketi hapa, ananingoja nifunge mizigo. Anasema mimi ndiye jamaa yake pekee, kaja kunichukua twende kwetu."

"Kwetu wapi?"

Ratri akageuka pembeni akalirudia swali lile, kwa adabu, jinsi binti anavyomuuliza baba yake. Wening akaikandamiza simu sikioni, akasikiliza.